Matumbwitumbwi ya Mama Koharu

Kijiko kilikuwa kimoja, na midomo ilikuwa sita.

Chizuru alikiona kikitoka kinywani mwa Koharu, mtoto wa mwenyeji wao, kikivuta uzi wa mate mpaka kidevuni. Kikachovywa tena kwenye bakuli la pudini ya mayai, kisha kikapelekwa kwa mtoto wa pili kwenye foleni. Koharu alikuwa ameketi kwenye mto kama bibi harusi, mashavu yamemvimba hata shingo haionekani, kamasi la kijani linamchuruzika, na mama yake halifuti. Halifuti kwa makusudi. "Liacheni hivyohivyo," alisema, "hiyo ndiyo dawa yenyewe." Kina mama waliopiga magoti sebuleni wakacheka, mikono imeziba midomo. Chizuru naye akacheka. Chakula cha asubuhi kilikuwa kimempanda kooni, lakini akacheka.

Aka! Watu wazima, wamesoma, sakafu zao unaweza kulia chakula, viatu vyao wameviacha mlangoni vimepangwa pua kwa pua, halafu wamekaa hapo wanalisha watoto wao kamasi la mtoto wa mwenzao. Na kila mmoja amekuja na zawadi iliyofungwa kwa karatasi nzuri, eti kushukuru kwa kualikwa.

Hizo zilikuwa nyumba za kampuni, pale mjini Nagaoka, maghorofa matatu ya wafanyakazi wa kiwanda cha mashine za kuzoa theluji. Anayekaa humo hahitaji kuambiwa nani ni nani. Mume wa Mama Koharu ndiye mkuu wa kitengo, na Tatsunori, mume wa Chizuru, yuko chini yake. Basi na wake zao wako vivyo hivyo. Mama Koharu akisema takataka za plastiki zioshwe mara mbili kabla ya kutupwa, zinaoshwa mara mbili. Akisema baridi imezidi, watu wanajikunyata. Na mwezi wa kumi na moja aliposema sindano za chanjo zikizidi zinaharibu damu ya mtoto, kina mama waliitikia kwa vichwa wakasema kweli kabisa, hata wale ambao watoto wao walikuwa wametoka kuchomwa wiki hiyohiyo.

Wiki hiyohiyo Chizuru na Tatsunori walikuwa wamempeleka mtoto wao Rintaro, miaka mitano, kwa Daktari Isurugi. Huyu Daktari Isurugi ni mama wa makamo anayetibu watoto wa mtaa mzima, hana maneno ya kupaka mafuta. Alifungua kijitabu cha mtoto, akapitisha kidole.

"Zile za serikali zote kapata, hongereni. Ya mafua tunampa leo. Imebaki ya matumbwitumbwi. Hiyo haimo kwenye zile za bure, mnaamua wenyewe na mnalipa wenyewe. Ningekuwa mimi, ningempa leo leo, mkono huu na mkono huu."

"Ya mafua sawa," Tatsunori akasema. "Hiyo nyingine tutaona."

"Mtaona nini?"

"Tutaona tu, Daktari. Mimi nilishikwa na matumbwitumbwi nikiwa chekechea. Si niko hapa?"

"Uko hapa," Daktari Isurugi akasema. "Wapo wengine pia, ila masikio yao hayasikii."

Tatsunori akacheka kidogo, kwa adabu. Ya mafua ilikuwa sawa kwa sababu kampuni ilikuwa imetoa tangazo kwamba wafanyakazi na familia zao wachanje, na kampuni ikisema mkono, mkono unatolewa. Kuhusu matumbwitumbwi kampuni haikusema kitu. Chizuru alichukua fomu ya kutia sahihi akaibandika kwenye jokofu, na kila alipoigusia mumewe alijibu "tutaona", mpaka naye akachoka kuigusia. Huo ndio ulikuwa uamuzi wao. Wasije wakakudanganya kwamba hawakuamua.

Kisha Jumapili moja ya mwezi wa kwanza simu ikalia.

"Mama Rintaro! Habari njema, mwenzangu! Koharu wangu kashikwa na matumbwitumbwi! Mlete kijana wako kesho saa nne, ayachukue yangali moto. Mtoto akiyapata mdogo, ndiyo kamaliza, hana haja ya misindano yao."

Chizuru alishukuru mara tatu, akakata simu, akamgeukia mumewe aliyekuwa anamenya chungwa.

"Mimi siendi."

Tatsunori akaweka chungwa chini. "Ukikataa, nitamtazamaje mkuu usoni?"

"Kwa macho yako mawili."

"Usinifanyie mzaha, Chizuru. Mwezi wa nne kuna uhamisho. Unataka tutupwe wapi? Si ugonjwa wa watoto tu huo, watoto wote wanaupata. Atavimba, atashuka, mambo yamekwisha."

"Na alilosema Daktari?"

"Daktari anauza sindano, mke wangu."

Chizuru alijua hilo ni neno la kijinga, na alijua mumewe anajua. Lakini usiku ule alitoa boksi la keki za mchele, akalifunga vizuri kwa karatasi.

Ndivyo alivyofika kwenye foleni ile ya kijiko. Na zamu ya Rintaro ilipofika, Mama Koharu hakumlisha. Alimpa Chizuru kijiko mkononi, kwa mikono miwili kama anayekabidhi kitu cha heshima.

"Mama mtu amlishe mwenyewe. Inaleta baraka."

Rintaro alikitazama kijiko. Kilikuwa kinang'aa kwa ute. Akarudi nyuma nusu hatua, akanong'ona kwa sauti ya mtoto, ile ambayo nyumba nzima inaisikia:

"Mama, kina mate."

Wakaangua kicheko. "Lo, kijana msafi huyo!" mmoja akasema. Mama Koharu hakucheka, alikuwa anamtazama Chizuru, anangoja. Na Chizuru, ambaye nyumbani kwake mtoto hali tunda bila kunawa mikono, aliinama akasema, "Fumba macho, mwanangu. Kula."

Mtoto akafumba macho. Akala, kwa kuwa kaambiwa na mama yake.

Siku ishirini zilipita kimya. Jumatatu ya siku ya ishirini na moja Rintaro aliamka shavu la kushoto limeumuka, na Jumatano la kulia likafuata. Homa ikampanda, akawa anameza uji wa mchele huku machozi yanamtoka. Chizuru akamweka barafu iliyofungwa kitambaani, akampigia simu Daktari Isurugi, akaambiwa maji mengi, apumzike, na mkiona chochote cha ajabu mje mbio. Hakuulizwa mtoto kayapata wapi, na hakusema.

Mama Koharu alipopata habari alipiga simu kupongeza. Kupongeza, nakwambia! "Hongera sana, Mama Rintaro! Kwako yameshika vizuri kuliko kwa wote." Na mtu akipongezwa kwa alichopewa, mle maghorofani, lazima arudishe asante. Jumatano hiyohiyo Chizuru alimwacha mtoto na jirani kwa nusu saa, akaenda dukani akachagua keki ya mayai ya bei nzuri, akaomba ifungwe kwa karatasi nyeupe yenye kamba nyekundu, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, akainama mlangoni, akaishika zawadi kwa mikono miwili, akasema, "Asante sana kwa kumtunza Rintaro."

Alikisikia kinywa chake mwenyewe kikiyasema hayo. Alikuwa anamshukuru mtu kwa kumpa mwanawe ugonjwa. Akainama tena.

"Ah, usijali, ni jambo dogo," Mama Koharu akasema, akipokea. "Sasa ni zamu yako. Jumamosi saa nne, kuna watoto watano wa jengo la nyuma, kwangu hawakuwahi. Mume wangu ameshamwambia mumeo. Mwezi huu ukipita yatakuwa yamekatika, itabidi watu waende kuchomwa bure bilashi."

Chizuru alishuka ngazi akimtafuta Tatsunori kwenye simu. Ni kweli. Alikuwa ameambiwa tangu jana yake, na alikuwa amekubali.

Alhamisi asubuhi Bibi yake Rintaro alipiga simu kutoka kisiwani Sado, kama afanyavyo kila Alhamisi. Mtoto alikuwa na nafuu, homa imeshuka, yuko sakafuni anaunganisha reli za treni yake ya plastiki. Chizuru akampa simu. Rintaro akaiweka sikio la kushoto, akangoja, akamtazama mama yake.

"Bibi haongei."

"Anaongea, mwanangu, sikiliza."

"Haongei. Simu imekufa."

Chizuru akaichukua. Mle ndani sauti ya Bibi ilikuwa inapiga makelele: "Rintaro! Wewe Rintaro! Umemeza ulimi?" Chizuru akairudisha, safari hii akaiweka yeye mwenyewe kwenye sikio la kulia, na mtoto akatabasamu palepale. "Eeh, Bibi! Ulikuwa wapi?"

Chizuru alisubiri simu iishe. Akaenda nyuma ya mtoto, upande wa kushoto, akaita jina lake polepole. Akaita kwa nguvu kidogo. Akapiga makofi mawili, mtoto akageuka, lakini akageukia kulia, akitafuta makofi yametoka wapi.

Ijumaa walikwenda hospitali ya masikio. Rintaro alivishwa vile vidude vya kusikilizia, akaambiwa kila akisikia mlio anyanyue mkono. Upande wa kulia alinyanyua, alinyanyua, mpaka akawa anacheka. Upande wa kushoto alikaa kimya, mkono juu ya goti, akimtazama daktari kwa hamu, tayari kunyanyua. Wakamwongezea mlio. Chizuru aliyekaa mbali aliusikia ukivuja. Mkono ulibaki gotini.

Daktari wa masikio alikuwa kijana mpole. Alisema ni kwa sababu ya matumbwitumbwi, hutokea, watampa dawa kwa sababu lazima wajaribu, lakini asiwadanganye, upande ule haurudi. Akauliza, "Aliyapata wapi, mnajua?"

Chizuru akafungua mdomo, na Tatsunori akawahi.

"Chekechea. Yalikuwa yanazunguka chekechea."

Alisema vizuri kabisa, bila kupepesa, kama anasoma ripoti ya kazini. Chizuru akamtazama mume wake, shati lake lililopigwa pasi, kile kibeji cha kampuni kifuani, na alichokisikia hakikuwa hasira. Kilikuwa kinyaa. Kama mtu aliyekunywa chai nusu kikombe ndipo akaona kilicholala chini.

Ndani ya gari, mtoto amelala kiti cha nyuma, Tatsunori akaanza.

"Kesho usiwaambie."

"Nini?"

"Watu wakijua, Mama Koharu ataaibika. Mkuu ataaibika. Na anayemwaibisha mkuu ni nani? Ni mimi. Chizuru, maji yameshamwagika, hayazoleki. Ana sikio moja zima. Watu wangapi wanaishi na..."

"Nyamaza."

"Nasema tu..."

"Tatsunori, nyamaza, nitakutapikia humu ndani."

Akaendelea kuendesha. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema wahenga. Lakini pale wa kwao ndiye aliyekula peke yake, wachumaji wawili wamekaa mbele wamefunga mikanda.

Jumamosi saa nne kamili kengele ililia. Kina mama watano na watoto watano, makoti yana theluji, zawadi mikononi, na mbele yao Mama Koharu, mkono umemshika Koharu aliyepona, mashavu yamerudi, mzima kama mwanzo. Wa mwisho kabisa alikuwa Mama Ibuki, mgeni, mume wake kahamishiwa hapo mwezi uliopita. Alikuwa ameinamisha kichwa tangu kwenye ngazi.

Tatsunori aliwapokea yeye. "Karibuni, karibuni, samahani nyumba yetu ni ndogo." Viatu vikavuliwa, vikapangwa pua kwa pua. Chizuru alikuwa amesimama ukutani hajainama, na kina mama walianza kuliona hilo.

Rintaro alikuwa sakafuni na reli zake, amewapa mgongo, bega la kushoto ndilo liko upande wa mlango. Mama Koharu akapiga hatua mbili.

"Rintaro! Mambo? Njoo uwasalimie wenzako."

Mtoto akaunganisha reli.

"Rintaro! Wageni hao!"

Mtoto akachukua kipande kingine, akakijaribu, hakikuingia, akakigeuza.

Mama Koharu akageuka nyuma akicheka. "Jamani, huyu kijana kiburi kimempanda. Kuumwa kidogo tu, hata salamu hajibu."

"Mwite tena," Chizuru akasema.

"Nini, Mama Rintaro?"

"Mwite tena. Kwa nguvu. Msogelee kabisa, mwite kwenye sikio hilo hilo."

"Chizuru," Tatsunori akasema chini chini.

Mama Koharu hakuita. Kicheko kilikuwa bado kiko mdomoni mwake lakini hajui akipeleke wapi. Basi Koharu mwenyewe, mtoto, asiyejua la kuficha, akamwendea Rintaro, akainama kwenye lile sikio akapiga kelele kama watoto wanavyofanya, "RINTAROOO!" Rintaro akashtuka, akashika shavu, akatazama kulia kwake, pasipo na mtu. Akatafuta. Ndipo akageuka akamwona Koharu, akatabasamu. "Kumbe uko huku!"

Kina mama wakawavuta watoto wao karibu.

"Limekufa," Chizuru akasema. "Jana hospitali wamelipima. Halitapona. Ni haya mliyoyafuata hapa, mmeyaletea na zawadi. Haya, kaeni. Kijiko niwaletee kipi, kikubwa au kidogo?"

"Mama Rintaro, unawatisha watu," Mama Koharu akasema. Uso ulikuwa umempauka, lakini sauti ilikuwa bado ya ghorofa ya tatu. "Ni bahati mbaya tu. Mmoja katika maelfu. Na ni sikio moja."

Wengine walibaki wamepiga magoti nusu, hawajui waketi au wasimame, wanamtazama mke wa mkuu. Naapa walikuwa wanafikiria! Watoto wao wako mikononi na bado walikuwa wanafikiria. Mama Ibuki ndiye hakufikiria. Alimbeba mwanawe kwapani kama mzigo, akaingiza miguu kwenye viatu vya mtu mwingine, akafungua mlango na kuteremka ngazi bila kuinama wala kuaga. Hapo ndipo wengine wakapata miguu. Walikuwa wakiomba radhi kwa Mama Koharu, si kwa Chizuru, huku wakigombania viatu.

Mama Koharu akatoka wa mwisho, na Tatsunori akatoka naye, na soksi zake, mpaka ukumbini kwenye baridi. Akainama. Akainama hata mgongo ukalala kama meza, mikono imebana mapaja. "Tunaomba radhi sana kwa utovu huu wa adabu. Mke wangu hajalala siku mbili. Tafadhali mwombee radhi kwa mkuu. Tunaomba radhi sana."

Chizuru aliutazama ule mgongo. Hakumtukana, matusi yangekuwa heshima. Alifunga mlango, akaweka mnyororo.

"Mama," Rintaro akasema sakafuni, "Baba kakosa nini?"

Chizuru alimwendea, akakaa chini karibu naye, magoti yamegusa reli. Mtoto alikuwa amerudia kazi yake. Shavu lilikuwa bado limevimba, na Chizuru alilitazama shavu hilo alipokuwa ananong'ona, kwa sababu macho hakuweza.

"Sikio lako ni mimi nimeliua, mwanangu. Ulikataa. Ulirudi nyuma kabisa, ukaniambia. Nilijua, na nikakulisha, kwa sababu niliogopa watu. Mimi, mama yako."

Rintaro akaunganisha kipande, akakisukuma mpaka kikalia. Kisha, pengine kwa kuhisi pumzi, akainua uso akaona midomo ya mama yake ndiyo kwanza inafunga.

"Ulikuwa unasema nini, Mama?"

Alikuwa amekaa kushoto.

Nje Tatsunori alikuwa anagonga, anaita jina lake kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie. Chizuru angeweza kusema si kitu, endelea kucheza. Neno lilikuwa tayari ulimini. Akanyanyuka, akazunguka nyuma ya mtoto, akapiga magoti upande wa kulia, akasema tena.